Mtoto Mgonjwa Asiachwe Peke Yake: Kumbukumbu ya Mama Peg Belson

Katika nchi yetu mtoto akilazwa hospitalini, mama humfuata na mkeka wake. Hulala kando ya kitanda, hupika uani pamoja na wenzake, humlisha mtoto na kumwosha. Na usiku mtoto akishtuka, huona uso anaoujua. Jambo hili tumelizoea hata hatulifikirii. Tena wako kati yetu wanaolionea haya, wakisema kwamba hospitali za Ulaya ni kimya na safi kwa sababu jamaa za wagonjwa hawaingii ovyo.

Leo twapenda kuwapa habari za mama mmoja wa Uingereza, marehemu Peg Belson. Yeye na wenzake walijitolea miaka mingi, bila kutafuta mshahara, ili akina mama wa kwao wapate ruhusa ya kufanya jambo hili hili ambalo mama zetu wamelifanya sikuzote.

Tuanze na hali ya zamani. Mwaka 1949 hospitali kubwa za London ziliulizwa saa za wazazi kuwatazama watoto wao. Moja ilijibu: Jumapili tu, tangu saa 8 mpaka saa 10 za mchana. Nyingine ilisema kwamba katika mwezi wa kwanza wazazi hawaruhusiwi, ila waweza kuja jioni kumchungulia mtoto akiwa amelala. Nyingine ilijibu kwa kifupi: hapana ruhusa. Fikirini mtoto wa miaka miwili, ambaye hajui Jumapili ni nini, akiambiwa mama atakuja Jumapili!

Tusidhani kwamba waganga na wauguzi wale walikuwa watu wenye roho mbaya. Walikuwa na sababu zao. Waliogopa wageni wasilete maradhi ya kuambukiza, nao walikumbuka miaka ambayo dawa za nguvu kama penisilini zilikuwa bado. Tena waliona kwamba mtoto hulia sana mama anapoondoka, lakini asipomwona siku kadhaa hutulia, hula, wala hasumbui. Basi wakasema: Heri mama asije. Mtoto amezoea.

Mtu mmoja, James Robertson, alikaa katika vyumba vya watoto akitazama kwa uangalifu utulivu huo, akauona ni utulivu wa namna nyingine. Aliandika kwamba mtoto aliyetengwa na mama yake hupita katika hatua tatu. Kwanza hulia na kudai mama yake. Kisha hukata tamaa, akawa mnyonge na kimya. Mwisho huufunga moyo wake: humchekea kila mtu, na mama anapokuja hamjali tena. Mwaka 1952 alionyesha sinema yake ya mtoto Laura, mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitano, aliyelazwa siku nane kwa ajili ya operesheni ndogo. Waganga wengi walioitazama walikasirika, wakasema anawasingizia. Lakini sinema haikuwa na maneno ya kusingizia. Ilionyesha uso wa mtoto.

Sisi tuliofundisha shuleni twaelewa neno hili. Ni rahisi kumsifu mtoto aliyenyamaza kuwa ana adabu, kumbe pengine amenyamaza kwa kuwa hatumaini tena kusikilizwa.

Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na mganga mpasuaji Sir Harry Platt iliishauri serikali ya Uingereza kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo apewe nafasi ya kulala naye hospitalini. Serikali ilikubali. Yafaa tuseme basi habari imekwisha? La! Karatasi haifungui mlango. Hospitali nyingi ziliendelea na desturi yao kama kwamba hapana neno lililoandikwa.

Hapo ndipo wanaingia wale akina mama. Mwaka 1961, katika mtaa wa Battersea mjini London, wazazi vijana waliosikia maneno ya Robertson walianzisha chama kidogo cha kuwatetea watoto hospitalini. Peg Belson alikuwa mmoja wao. Hawakuwa waganga, wala hawakuwa na cheo. Silaha yao ilikuwa swali. Waliziuliza hospitali za kwao: Mzazi aweza kuja saa ngapi? Mama aweza kulala hapa? Wakilinganisha majibu na shauri la mwaka 1959, waliona wazi mahali neno lilipotimizwa na mahali lilipolala. Wakawajulisha wazazi wengine, wakazungumza na wakubwa wa hospitali, wakarudi kuuliza tena. Haba na haba hujaza kibaba: chama cha mtaa kikawa cha taifa zima, na Mama Belson aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni, akiandika na kufundisha.

Mwaka 1988 vyama vya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali za Ulaya vilikutana Leiden, Uholanzi, vikaandika mkataba wa mambo 10. Mojawapo lasema kwamba mtoto hospitalini ana haki ya kuwa na wazazi wake wakati wote. Jingine lasema wazazi wasipate gharama ya zaidi kwa sababu ya kukaa naye.

Tunamheshimu mama huyu kwa nini? Hakujenga hospitali, wala hakuvumbua dawa. Tunamheshimu kwa sababu alifuata neno jema lililokwisha kuandikwa, akauliza kama latendeka. Watu wa kuandika maneno mema ni wengi. Watu wa kwenda mlangoni na kuuliza ni wachache.

Sisi wa Kongo tumeonja uchungu huo huo. Wakati wa Ebola huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Ugonjwa ule ulilazimisha kuwatenga wagonjwa, na watoto wadogo wakajikuta kati ya watu waliofunikwa mwili mzima, hata uso hauonekani. Lakini hapakukosekana akili ya upendo. Huko Beni vilitumiwa vyumba vya plastiki ing'aayo kama kioo, ili jamaa waone mgonjwa wao, naye awaone. Tena huko Beni na Butembo wanawake na wanaume waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, waliwabeba na kuwalisha watoto waliotengwa na wazazi. Twaona basi kwamba hata ugonjwa ukilazimisha mlango kufungwa, yafaa kutafuta njia ili mtoto asikae bila uso wa kumpenda.

Wazazi wapenzi, tuichukue kumbukumbu hii nyumbani. Msione haya kukaa na mtoto hospitalini. Kukaa kwenu ni sehemu ya matibabu. Baba naye asiseme hiyo ni kazi ya mama. Aende ashike zamu, mama apate usingizi. Mkiwa huko, shikeni sheria za usafi, nawieni mikono, wala msijazane kumi katika chumba kimoja, maana hofu ya waganga wa zamani haikuwa bure. Mkiondoka, mwageni mtoto na kumwambia kweli mtarudi lini. Kutoroka akiwa amelala ni kumfundisha kuogopa usingizi. Wala nyumbani msimtishe kwa kusema, "Nitamwita mganga akuchome sindano," kwa sababu siku atakapougua atadhani ni adhabu.

Nanyi wauguzi, mtoto akinyamaza, msiridhike upesi. Mtazameni machoni.

Mwisho, katika chumba cha wagonjwa mara nyingi yuko mtoto ambaye hana mtu: mama amekufa, au yuko mbali na nauli hana. Mama mwenye sufuria ya uji asipite kitanda hicho. Amwulize jina, ampe kikombe, amfunike usiku. Akifanya hivyo, amemheshimu Mama Belson kuliko sisi tulioandika maneno haya.