Kilima cha Mrima na Ugomvi wa Wakubwa
Mrima ni kilima cha Kwale, na msitu wake ni kaya ya Wadigo. Bahati yake, au msiba wake, ni kwamba ardhini mwake mna niobiamu na madini adimu yatakiwayo kwa sumaku za magari ya umeme na za makombora. Uchina, isafishayo sehemu kubwa ya madini hayo duniani, iliweka masharti ya kuuza baadhi yake nje mwezi wa Aprili 2025, katika ugomvi wake wa ushuru na Marekani. Juni mjumbe wa Marekani akafika Mrima.

Kampuni ya Cortec, iliyotaka kuchimba hapo, ilifutiwa leseni mwaka 2013, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua kwamba leseni hiyo haikuwa halali, kwa kuwa sheria ya mazingira haikufuatwa. Atakayekuja, awe wa Washington au wa Beijing, hana budi kupita mlango huo huo.