Prosesa zipo, kadi za grafiki hazishikiki. Kwa nini?



Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna swali la vijana wa huku kwetu, kuanzia Mbulu mjini, Dongobesh na Haydom mpaka Katesh: dunia ikilia uhaba wa chipu, kwa nini prosesa unaipata lakini kadi ya grafiki huipati, na ukiipata bei yake inatisha? Si zote ni chipu tu jamani?

Msidhani hili ni la wacheza gemu peke yao. Anayehariri video za harusi na kipaimara anaitaka kadi. Anayetaka kufungua chumba cha gemu pale Katesh anaitaka. Kikundi kinachoomba ile asilimia 4 ya vijana kwenye mikopo ya halmashauri kinaiandika kadi kwenye mchanganuo wake. Bei ikiruka kabla hela haijatoka, mradi umekufa siku hiyohiyo. Na ukiikosea baada ya hela kutoka, deni linabaki palepale.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: prosesa ni kitu kimoja, kadi ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja, halafu inagombewa na watu wenye hela kuliko sisi. Twende moja moja.

Kwanza, ukubwa. Chipu zote hukatwa kwenye sahani nyembamba ya silikoni, ambayo kwa viwanda vikubwa ina kipenyo cha milimita 300. Chukua mfano wa uhaba uliopita. Septemba 2020 Nvidia walitoa RTX 3080, na chipu yake ilikuwa na eneo la milimita za mraba 628. Novemba mwaka huohuo AMD wakatoa prosesa za Ryzen 5000, ambazo kipande chake kikuu kilikuwa kama milimita za mraba 81 tu. Piga hesabu: sahani moja inatoa vipande vya AMD zaidi ya 700, lakini chipu za RTX 3080 hazifiki 100.

Halafu kuna kasoro. Fikiria unakata maandazi, na ndani ya unga kuna vijiwe vitano. Ukikata maandazi madogo, yataharibika matano na mengine mamia yapo salama. Ukikata mapande makubwa, kijiwe kimoja kinakuondolea pande zima. Ni kweli viwanda huzima sehemu iliyoharibika na kuiuza chipu kama modeli ya chini, lakini bado hasara kwa chipu kubwa ni kubwa.

Pili, kadi si chipu, ni kompyuta ndogo. Prosesa ukiinunua umenunua kitu kimoja. Memori utaitafuta kivyake, madabodi kivyake, pawa saplai kivyake. Kadi ya grafiki inakuja na vyote hivyo juu yake: chipu kuu, memori yake maalum, vifaa vya kudhibiti umeme, kapasita, feni na bodi. RTX 3080 ya GB 10 peke yake ilikuwa na vipande 10 vya memori ya GDDR6X, na aliyekuwa anaitengeneza memori hiyo ni mmoja tu, Micron. Kikikosekana kifaa kimoja cha bei ya pipi, kadi nzima haitoki kiwandani. Na vile vifaa vidogo vya umeme mwaka 2021 viliwaniwa pia na watengeneza magari.

Tatu, nani ana kiwanda. Intel wanatengeneza sehemu kubwa ya prosesa zao kwenye viwanda vyao wenyewe. Nvidia hawana kiwanda cha chipu hata kimoja, wanapanga foleni. Kadi za RTX 30 walizipeleka kwa Samsung. AMD nao hawana, walikuwa TSMC kule Taiwan. Na hapo angalieni kitu: kwenye foleni ileile ya TSMC, AMD walikuwa wanatengeneza prosesa, kadi za grafiki, pamoja na chipu za PlayStation 5 na Xbox mpya. Ukiwa na sahani chache, na kwenye sahani moja unapata prosesa mamia au chipu za kadi makumi, wewe mfanyabiashara ungetengeneza nini zaidi? Jibu mnalo.

Nne, na hii ndiyo nzito: wanunuzi. Prosesa unanunua moja, unaweka kwenye kompyuta moja, basi. Kadi haina kikomo hicho. Mwaka 2021 wachimbaji wa Ethereum walikuwa wananunua kadi kwa makontena, kwa sababu kila kadi iliyoongezwa ilikuwa inaleta hela. Nvidia walijaribu kuweka breki kwenye RTX 3060 iliyotoka Februari 2021, ili isifae sana kwa uchimbaji. Dawa kamili ilikuja Septemba 15, 2022, Ethereum ilipobadili mfumo na kuacha uchimbaji wa kadi. Soko likajaa kadi zilizotumika, bei zikashuka.

Tukashusha pumzi? Haikudumu. Ikaja akili mnemba. Makampuni makubwa yanataka chipu za aina ileile ya kazi, kutoka TSMC, na memori kutoka kwa walewale watatu wakubwa: Samsung, SK Hynix na Micron. Mwishoni mwa 2025 bei ya memori ilipanda kwa kasi, na Desemba mwaka huo Micron wakatangaza kuachana na biashara ya Crucial, yaani memori na diski za watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kadi inaumia mara mbili: inagombea chipu na inagombea memori. Na safari hii hata RAM ya kawaida imeguswa.

Sasa kuna hoja ya hapa nyumbani. Wapo watakaosema, si tuna heliamu yetu? Ni kweli gesi hiyo inatumika viwandani kupoza silikoni wakati chipu inatengenezwa. Na ni kweli kampuni ya Helium One ilichukua leseni za utafutaji Rukwa, Eyasi na Balangida, na Ziwa Balangida ni la Hanang kabisa. Lakini fikirini: heliamu hiyohiyo inapoza prosesa na inapoza chipu ya kadi. Kama tatizo lingekuwa malighafi, vyote viwili vingeadimika sawasawa. Tofauti haiko ardhini, iko kwenye foleni ya kiwanda na kwenye mfuko wa mnunuzi. Gesi ikitoka Hanang itapakiwa, itapita, na kadi itarudi kwa bei ya dunia.

Na foleni hiyo sisi tuko mkiani. Duka la hapa linachukua mzigo Arusha au Kariakoo, Kariakoo wanachukua Dubai au China. Kila anayeshika anaongeza chake, na mzigo ukiwa mdogo wa mbele anauza wote kabla haujatufikia.

Tufanyeje? Ushauri wangu:

1. Kama unaanza studio au kazi za ofisi, nunua prosesa yenye grafiki ndani. Kwa Intel wa miaka ya karibuni, epuka ile yenye herufi F mwishoni. Inauzwa nafuu kidogo lakini haina grafiki, bila kadi skrini inabaki nyeusi. Kwa AMD tafuta zenye G, kama Ryzen 5 5600G. Video ya harusi itaharirika, taratibu, lakini hela itaingia.

2. Kadi ya mtumba usiinunue kwa picha ya simu. Iwashe, iendeshe gemu zito nusu saa mbele ya macho yako, sikiliza feni, angalia kama picha inaleta mistari. Iliyotoka kwa wachimbaji inaweza kuwa nzima, lakini ithibitishe.

3. Uliza na umeme wake. RTX 3080 inakula wati 320 peke yake. Pawa saplai dhaifu na umeme wa kupanda na kushuka vitakurudisha kwa fundi.

4. Kwenye mchanganuo wa mkopo, kadi iwe ya awamu ya pili. Mradi uanze kutembea bila kadi. Ukikwama bila kadi, hapo hamjaandika mradi, mmeandika bahati nasibu.

Anayesubiri bei zishuke asiangalie duka la Katesh, aangalie wanunuzi wakubwa. Wakipungua, kama ilivyokuwa 2022, bei inashuka yenyewe.

Haya wadau, uwanja wenu. Wa Haydom, Bassotu na Endagikot, kadi huko mnazipata kwa bei gani? Mwageni data hapo chini, matusi hapana.