Nyaya mpya, nyumba ya zamani: friji likitekenya lisipuuzwe

Watoto wakishapata kazi mjini, wengi hukumbuka nyumba ya wazazi iliyojengwa miaka ya 1970. Huipaka rangi, kisha humleta fundi abadilishe nyaya za umeme. Ni jambo jema. Tatizo huanza wiki chache baadaye, mama anapogusa mlango wa friji akiwa peku na kuhisi mkono unatekenywa. Kwa kuwa anajua wanawe walichangishana, hunyamaza. Akithubutu kusema, hujibiwa kwenye simu: "Mama, nyaya ni mpya hizo, utazoea."

Umeme hauzoeleki. Friji likitekenya, huenda umeme unavuja na haujapata njia ya kwenda ardhini ila kupitia mwili wa mtu. Siku sakafu ikiwa imelowa, au mjukuu akilishika, kutekenya huko kunaweza kuwa msiba.

Mara nyingi chanzo ni ethi. Katika baadhi ya nyumba za zamani, waya wa ethi ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba likioza familia huweka la plastiki, na ethi hubaki haifiki ardhini. Fundi akija kubadilisha nyaya za ndani tu, soketi zitakuwa na tundu la ethi, lakini tundu hilo haliendi popote.

Breka nayo haisaidii hapo. Breka ya ampea 20 hulinda waya usiungue, ilhali mtu anaweza kuuawa na umeme mdogo kuliko huo zaidi ya mara mia. Kinachomlinda mtu ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30, kinachokata umeme uvujaji ukifika kiwango hicho. Kina kitufe cha kujaribia. Kikibonyezwa na umeme ukakatika, kifaa ni kizima. Hata hivyo, kitufe hicho hakithibitishi kwamba ethi ipo.

Kuna kosa lingine. Breka ikikatika kila mara, wapo wanaoweka kubwa zaidi ili "isisumbue". Waya wa milimita za mraba 2.5 uliopangiwa ampea 20 ukiwekewa breka ya ampea 40, unaweza kuchemka ndani ya ukuta na breka ikabaki imetulia.

Kwa hiyo wanafamilia wanaochanga wasimalize kulipa kwa sababu tu taa zimewaka. Fundi aonyeshe leseni yake. Tanzania Bara hutolewa na EWURA. Apime ethi kwa kifaa chake maalumu, kwani testa ya bisibisi huonyesha tu kama umeme upo. Apime pia uzima wa nyaya kwa volti 500, na majibu yasipungue megaomu 1. Vipimo hivyo viandikwe, karatasi ibaki kwa mama.

Mpaka fundi afike, mama asilishike friji hilo. Avae viatu vikavu, azime mein swichi kwanza, ndipo plagi ichomolewe. Kisha awapigie wanawe bila kuona haya. Fedha waliyotoa ilikuwa ya kumlinda yeye, na kazi hiyo bado haijakamilika.