Mtetezi wa Msanii Aandaliwe Mapema

Katika mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, nyimbo hazihitaji hati ya kusafiria. Huvuka kwenda Nakonde na kurudi katika malori na simu, zikapigwa kwenye baa na mabasi, huku aliyezitunga akiwa hana habari wala malipo. Haki yake imo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne. Lakini haki isiyo na mdai hulala kabatini.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki Hamisi Mwinjuma na Ambwene Yessayah zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao bila ridhaa. Rufani zilifuata. Mashauri ya namna hiyo hayashindwi wala kushinda kwa sauti nzuri, bali kwa mikataba, ushahidi na mawakili wanaoijua kazi yao.

Basi kijana wa Songwe anayemaliza kidato cha sita na kuitamani kazi hiyo ashauriwe nini? Wapo wanaomhimiza atafute shahada yenye jina la biashara ya muziki, hata ikibidi wazazi wauze shamba asome ng'ambo. Ushauri huo hauna budi kupimwa. Shahada hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Uwakili nchini hupitia shahada ya sheria inayotambuliwa, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Kwa hiyo sheria itangulie. Chuo Kikuu cha Mzumbe kina kampasi Mbeya, jirani na nyumbani. Kabla ya kuchagua chuo chochote, kijana aulize kama somo la miliki bunifu linafundishwa. Ubingwa waweza kufuata baadaye. Africa University ya Mutare, Zimbabwe, imekuwa na shahada ya uzamili ya fani hiyo tangu mwaka 2008.

Walimu na maofisa elimu wasilicheke ombi la kijana huyu kwa kudhani muziki ni mchezo. Wamwelekeze. Jasho la msanii ni jasho kama la mkulima, nalo lastahili mtetezi.