Mwenye kadi apige kura mwenyewe

Katika chama cha msingi cha kahawa, mkulima aliyeleta magunia mawili ya maganda na yule aliyeleta magunia mia moja wana haki sawa siku ya mkutano mkuu: kila mmoja kura moja. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wanaijua kanuni hiyo tangu zamani. Vyama vyao vya msingi, vilivyo wanachama wa chama kikuu cha ushirika cha KDCU, vimesimama juu yake. Bodi ikiwachosha wanaiondoa wenyewe.

Katika chama cha siasa, mkulima huyohuyo, mwenye kadi na aliyelipa ada, anaambiwa atulie nyumbani. Wajumbe watamchagulia.

Sisi tunasema arudishiwe kura yake.

Jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa wenzetu wa majimbo yenye ushindani. Mwaka 2000 Kyerwa ilimpeleka bungeni Benedicto Mutungirehi wa chama cha upinzani cha TLP, na mwaka huohuo Karagwe ikawakilishwa na Sir George Kahama wa CCM, mtu aliyeanzia kwenye ushirika wa kahawa wa BNCU. Tangu 2005 majimbo yote mawili yamebaki mikononi mwa CCM. Hata mwaka 2015, wananchi walipopata sura mpya kote kuwili, Innocent Bashungwa akimfuata Gosbert Blandes huku Karagwe na Innocent Bilakwate akimfuata Eustace Katagira kule Kyerwa, bendera haikubadilika. Mabadiliko yalipita ndani ya chama. Kwa maneno mengine, mbunge wetu hupatikana kwenye kura za maoni. Oktoba tunakwenda kumthibitisha tu.

Sasa kama uamuzi wenyewe unafanyika huko, nani anaruhusiwa kuingia?

Mwaka 2010 na 2015 CCM iliruhusu wanachama wake wote wapige kura za maoni matawini. Mwaka 2020 kazi hiyo ikarudishwa kwa wajumbe, na haikuchukua muda nchi nzima ikawa na msemo wake: wajumbe si watu wema. Mwaka 2025 chama kiliongeza idadi ya wapiga kura hao, na kwa hilo tunakipongeza. Lakini majina waliyopelekewa Agosti 4 yalikuwa yamekwisha kuchujwa na Kamati Kuu, na baada ya kura matokeo yakapanda tena kwenye vikao vya juu kwa uamuzi wa mwisho. Maoni ya mwanachama wa kawaida wa Nkwenda au Nyaishozi hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Ubaya wa wapiga kura wachache tunaujua kwa jina letu wenyewe: butura. Mwenye fedha humfuata mkulima mwenye shida wakati kahawa ingali maua, akamlipa kidogo, akaja kubeba mavuno yote. Serikali inaipiga vita butura kila msimu. Mjumbe naye hununuliwa hivyohivyo, kwa nauli, kwa kitenge, kwa bahasha, miezi kabla ya siku yenyewe. Wajumbe mia chache wananunulika. Wanachama wote wa wilaya wataishinda mifuko mingi.

Wamarekani waliyapitia haya. Huko nako wagombea walikuwa wakipangwa na wakubwa wa chama wakiwa wamejifungia. Katika jimbo la Wisconsin, gavana Robert La Follette alipigania wapiga kura wenyewe wateue wagombea wa vyama, na mwaka 1904 wananchi wakaipitisha sheria hiyo kwa kura. Utaratibu huo ukaenea nchi nzima. Matunda yake yalionekana tena Juni 2018 mjini New York, kwenye eneo ambalo chama cha Democratic hakina mpinzani wa maana. Joe Crowley, mbunge tangu 1999 na kigogo wa chama, aliangushwa na Alexandria Ocasio-Cortez, ambaye muda mfupi kabla alikuwa akihudumia wateja baa. Wakubwa wa chama hawakuwa na kalamu ya kulikata jina lake.

Hatusemi Marekani ni pepo. Fedha zinazomwagwa kwenye kampeni zao zinatisha, na siku ile New York kura zote hazikufika 30,000. Mlango uliofunguliwa hauna maana kama watu hawaingii. Ila uko wazi.

Kura hiyo pia lazima iwe ya siri. Ng'ambo ya Mto Kagera, ukivuka Murongo kuingia Kikagati, wanachama wa NRM, chama tawala cha Uganda, Julai 2025 walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao, jirani akimwona jirani. Kenya ilijaribu mlolongo kama huo mwaka 1988 chini ya KANU, na aliyetajwa kupata asilimia 70 akapita moja kwa moja. Watu waliona mistari mirefu ikitangazwa kuwa mifupi. Haikudumu.

Wapo wanaosema kura ya wanachama wote ni ghali na inaleta mamluki. Gharama ya kusafirisha masanduku matawini ni ndogo kuliko gharama ya miaka mitano na mbunge asiyetakiwa. Na mamluki wanazuiwa na daftari. CCM yenyewe imeanza kuwasajili wanachama wake kielektroniki; itumie daftari hilo.

Wala demokrasia ya ndani haichukui nafasi ya ushindani wa nje. Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa, mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, na watu walikufa kwenye maandamano huku intaneti ikiwa imezimwa. Nchi iliyofika hapo haiwezi kudai kwamba maoni ya watu yalipata njia ya kutosha. Njia hiyo ianze kutengenezwa chini, kwenye kitongoji na kwenye tawi.

Tunataka mambo matatu. Kila mwenye kadi hai apige kura za maoni tawini kwake, kwa siri, na kanuni hiyo ivibane vyama vyote. Matokeo yabandikwe ukutani siku ileile, na kikao cha juu kikimkata aliyeongoza kitoe sababu kwa maandishi. Na mgombea wa upinzani wa uenyekiti wa kitongoji au kijiji asienguliwe kwa kosa dogo la fomu bila kupewa nafasi ya kulirekebisha.

Chaguzi za ndani za CCM zinafuata mwaka 2027, na watakaoshinda humo ndio watakaoshika kalamu mwaka 2030. Kwa hiyo atakayekuja kuomba uongozi wa shina au tawi, pale Kayanga, Kaisho au Mabira, aulizwe swali moja kabla ya kukaribishwa kiti: kura yangu utaniachia nipige mwenyewe, au umekuja kuninunulia ingali maua?