Fungate Pemba, kwa Meli

Mwambie mtu wa Mji Mkongwe kuwa mnakwenda fungate Pemba, tena kwa meli, uone atakavyokutazama. Mtasimuliwa mkondo wa Nungwi mpaka mchoke: eti una wenyewe, eti humeza vyombo. Mchumba wangu kazikusanya hadithi zote, sasa anataka ndege.

Mie simcheki. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama huko huko Nungwi ikielekea Pemba. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitokea Dar. Visiwani hapa, nani hamjui aliyefiwa?

Lakini jamani, Spice Islander ilipakiwa watu na mizigo kupita kiasi mno. Sasa hapo jini kaingiaje? Mkondo ni mkali kweli, na kusi likishika, Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka. Hayo manahodha wanayajua tangu enzi za majahazi.

Kwa hiyo tumepanga Novemba, tangambili, upepo ukiwa bado haujaamua uvume wapi. Tutasafiri mchana, na maboya tuyaone kwa macho yetu. Kisha nikamuahidi hivi: tukifika bandarini Malindi tukakuta meli imefurika, yeyote kati yetu akisema "turudi", tunarudi. Hakuna kubishana, hakuna kununa, na tiketi ikafie mbali.

Basi kaacha kuulizia ndege. Sasa anaulizia vidonge vya kichefuchefu.