Soseji na Heshima

Nilifundisha watu kusoma miaka mingi, nikastaafu nikidhani kazi imekwisha. Kumbe bado. Juzi mjukuu wangu aliisukuma kando sahani ya perege wa Mto Kilombero, akataka soseji. "Babu," akasema, "samaki ni chakula cha maskini."

Sikumgombeza. Nilinunua pakiti tatu katika maduka ya hapa Ifakara, tukazikaanga na kuzionja pamoja. Ya kwanza ilikuwa chumvi tupu. Ya pili ilitafunika kama ugali uliolala. Ya tatu, kwa haki, ilikuwa na ladha ya nyama. Ndipo nikamwambia asome maandishi ya pakiti, maana viambato hupangwa kwa wingi wake. Katika ile ya pili, nyama ilifuatwa mara moja na maji, kisha wanga.

Hata ile nzuri isitulevye. Mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba nyama za kusindikwa husababisha saratani.

Sisemi soseji ipigwe marufuku. Nasema tusinunue maji kwa bei ya nyama, wala tusiwalee watoto wamwonee haya perege wa mtoni kwao.